Mshenga wa Makabati ya Santuri

Rehema na Shabani, tangu niwakabidhi funguo za karakana mmekuwa mkinisumbua niandike kazi ilivyokuwa. Mnasema ni kwa faida yenu. Mimi nadhani mnanitafutia shughuli ili nisije kila asubuhi kuwaonyesha mnavyoshika bisibisi vibaya. Haya, nimekaa, nimevaa miwani, naandika. Habari za vyeo na malipo sitaziandika. Malipo yalikuja yalipojisikia, na cheo changu cha Mshenga Mkuu nilijipa mwenyewe.

Kwa yeyote atakayezisoma karatasi hizi bila kutujua: kazi yetu ni radiogramu, zile redio za mbao zenye ukubwa wa kitanda cha mtoto, zenye miguu minne, spika mbili nyuma ya kitambaa, na kifuniko ambacho ukikiinua unakuta mashine ya kupigia santuri. Huku Lushoto tumeziita makabati tangu zamani, na nitaendelea hivyo. Wazee wetu waliyanunua walipokuwa walimu, makarani na wauguzi. Wakazeeka, watoto wakaleta runinga bapa za kutundika ukutani, kabati likageuzwa meza ya kuwekea chupa ya chai. Sisi huenda kulitoa pale, tukalitengeneza, tukalitafutia nyumba nyingine ambako litaimba. Sasa mmejua.

Niliingia kazini kwa hila, na hila haikuwa yangu. Baba alinituma mjini kwa fundi Zefania kuulizia redio yetu. Nilikuwa binti mkubwa niliyemaliza shule na sina la kufanya. Zefania alikuwa mtu mfupi wa kofia ya sufu, na duka lake lilikuwa na harufu ya risasi iliyoyeyushwa na machungwa, maana alikula machungwa mfululizo. Hakunijibu salamu vizuri. Alinipa tochi, akasema nimulike hapa na nisipumue. Nilimulika mpaka mkono ukafa ganzi. Alipomaliza akaniambia redio ya baba haijapona, nirudi kesho. Nikarudi. Haijapona. Keshokutwa pia haijapona, na kila nikirudi napewa tochi. Ilipona siku ileile mama aliporidhia nifanye kazi dukani kwa Zefania. Nilipomuuliza ugonjwa wake ulikuwa nini, alisema ni ugonjwa wa kungoja, unaponywa kwa kungoja. Shikeni hilo, tutalirudia.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Kwamkoro, upande ule wa Amani kwenye chai. Tulishuka milima yetu, tukazunguka kupitia Muheza, tukapanda ile mingine, na siku nzima Zefania alinifundisha kitu kimoja tu: kwamba kabati lililolala miaka haliwashwi ghafla. Unapitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida ya taa, ndipo uingie kwenye kabati. Balbu ikiwaka sana, humo ndani kuna kitu kimeungua, zima haraka. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mgonjwa ana uhai. Mpaka leo sijaona kipimo kinachoshinda hicho, na Shabani aache kunionyesha vile vya kwenye simu.

Tulifika kwa karani mstaafu wa shamba la chai. Kabati lilikuwepo, zuri, mbao nyekundu. Tukainua kifuniko, kilichokuwa kimeachwa wazi nusu. Juu ya mashine ya santuri alikuwa amekaa kuku, anaatamia, akatutazama kwa dharau. Nikataka kumtoa. Mwenye nyumba akanizuia mkono. Alisema kabati tutachukua, lakini kuku huyo hajawahi kukubali kuatamia pengine popote, na yeye hatamvunjia uzazi kwa ajili ya wageni. Nilidhani Zefania atabishana. Alivua kofia, akasema tunaomba radhi, tutakuja vifaranga wakitoka. Tukanywa chai, tukarudi Lushoto mikono mitupu. Tulipokwenda tena, karani alitupa kabati, vifaranga wawili, na habari za wenzake watatu wenye makabati kama lile. Manyoya niliyatoa ndani ya ile mashine kwa mswaki. Kwa miaka kila santuri iliyopigwa pale ilitoa kiharufu cha banda.

Lile neno letu la kuozesha makabati halikutokana na mzaha wangu kama mnavyosimuliwa. Zefania aligundua mapema kwamba ukimwambia mzee wa huku "niuzie", uso wake unafungwa. Kabati ni la baba yake au la mumewe, liko pale kama mtu wa nyumbani, nawe unaulizia bei yake mbele yake. Siku moja kwa kukata tamaa akamwambia mzee mmoja, "Basi hatununui, tumekuja kuposa." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa dhati kabisa muoaji ni nani, anatoka ukoo gani, na ana paa lisilovuja. Tangu siku hiyo tulikwenda kwa posa. Ziara ya kwanza kabati halitajwi, unaleta sukari, unaulizia mahindi. Ya pili unamleta muoaji, anakaguliwa. Ya tatu unachukua. Watu wazima na akili zao walikaa wakajadili kama bibi harusi huyu mwenye waya ataweza baridi ya Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani.

Zefania aliongeza sheria zake juu ya hizo. Mojawapo ni kwamba usiache ukuta mtupu. Kabati likitoka, pale lilipokuwa panabaki alama, ukuta mweupe zaidi, sakafu isiyochubuka, na mwenye nyumba akiamka asubuhi anapaona hapo kabla ya kuona kitu kingine. Kwa hiyo tulikwenda na kitu cha kuweka pale, kigoda, meza ndogo, hata kikapu kizuri, na tulikiweka kabla kabati halijavuka kizingiti. Sheria nyingine ni kupima mlango. Kamba yangu mnaijua, ile yenye mafundo, ipo msumarini. Unapima kabati, unafunga fundo, unakwenda nayo nyumba ya muoaji, unanyoosha mlangoni. Hakuna aibu kama kusimama nje ya nyumba ya watu na bibi harusi asiyeingia.

Sheria ya tatu ilizaliwa Malindi. Muoaji mmoja alisahau kumwambia mkewe. Kabati lilipofika, mke akasimama mlangoni na mwiko, na lori likageuza. Wenye kabati waliona limerudishwa kama lina kasoro, wakakasirika vibaya sana. Zefania akamlazimisha yule bwana apande lori, arudi pamoja nalo, akae kwa wenyewe, ale kwao, alale kwao, mpaka jambo lisawazishwe. Alikaa siku kadhaa. Alilima shamba lao la viazi, hakulalamika, nadhani aliogopa mwiko zaidi. Mwishowe mke mwenyewe alimfuata, akalisikia kabati, akakubali. Tangu hapo ikawa sheria yetu, na watu wa milimani wakaipenda kuliko zote: kabati lililosindikizwa likikosa mlango, linarudi na muoaji wake.

Sasa nifike kwa Bibi Hilda wa Mtae, maana najua ndiye mnayemngoja.

Mnaijua Mtae, mwisho wa barabara, kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima, na chini kabisa unaona tambarare mpaka nchi ya jirani. Bibi Hilda alikuwa mjane wa mwalimu. Mumewe alinunua kabati walipokuwa wakiishi Lushoto mjini, na alipostaafu alilipandisha Mtae wakati huko nguzo ya umeme ilikuwa hadithi. Likakaa sebuleni miaka mingi likiwa bubu. Kila Jumapili baada ya ibada mwalimu alilifungua, akalifuta, akageuza swichi, akafunga. Umeme ulipofika alikuwa mzee wa mkongojo. Alilisikia msimu mmoja wa mvua, akafariki. Mjane akabaki nalo, na alilipiga kila jioni, redio za ng'ambo ya mpaka, na santuri za kwaya.

Aliyenipigia simu hakuwa yeye. Alikuwa mwanawe mkubwa, Amoni, mwenye kazi na familia Tanga. Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nje mvua ikinyesha, akalala pale mpaka majirani walipopita. Watoto wakakutana wakaamua mama ahamie Tanga kwa Amoni. Mama akasema sawa, atahama, ila hatoki kabla kabati halijapata nyumba aliyoiridhia yeye. Nyumba ya Amoni haina nafasi. "Dada Naomi, tusaidie lipate mtu haraka," akaniambia. Nikamwambia haraka hatuna, lakini mtu tutapata.

Nilipanda na sukari. Nilimkuta mama mwembamba, mnyoofu, kanga kiunoni, macho yanayokukagua mpaka viatu. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akaniuliza kwa Kishambaa mimi ni wa kwa nani, akaridhika, akanipa kahawa. Kabati lilikuwa linaimba nilipoingia. Sauti nene, safi, nilisisimka mikono. Nikajisemea hili litaolewa wiki hii.

Muoaji wa kwanza alikuwa bwana mwenye hoteli Lushoto. Nilimleta kwa gari lake zuri. Tukakaa, tukasalimiana, nikageuza swichi. Kimya. Taa ya nyuma ya kioo inawaka, sauti hakuna. Nikafungua ubao wa nyuma, nikamulika. Valvu moja haipo. Kwa asiyejua, valvu ni kitu kama balbu ndogo ya kioo, na kabati likikosa moja tu linakuwa bubu. Tundu lake lilikuwa safi bila vumbi wakati kila kitu kingine kilikuwa na vumbi la miaka. Valvu haikupotea zamani. Ilitoka asubuhi hiyo. Nikageuka taratibu. Bibi Hilda ametulia, mikono mapajani, na ncha ya kanga yake imefungwa fundo lenye umbo la kidole gumba.

Nikamwambia bwana wa hoteli kwa masikitiko kwamba kifaa hiki hakipatikani tena. Nilidhani atakata tamaa. Akasema haidhuru kabisa, vitu vya ndani atavitoa vyote avitupe, yeye anataka mbao tu, ataweka rafu na chupa za wageni. Bibi Hilda akakohoa. Akasema kwa upole kwamba ni haki aambiwe ukweli, mbao zina dumuzi, na dumuzi huyu anapenda sana kuhamia kwenye samani mpya. Bwana akatazama saa yake. Gari lilipoondoka, mama alikwenda chumbani, akarudi, na kabati likaanza kuimba. Alinimiminia kahawa nyingine.

Niliwaleta wengine. Mmoja mama alimkataa kwa sababu alikanyaga kizingiti. Mwingine kwa sababu alipiga makofi nje ya mdundo. Amoni alipiga simu, akaniuliza kuna nini, nikasema kuna ugonjwa wa kungoja. Hakucheka. Nami nilikuwa nimekwisha elewa, na nawaandikia waziwazi ili msipate shida ya kubahatisha: mama hakuwa anachagua muoaji. Alikuwa hataki kuondoka Mtae. Kabati lilikuwa kamba yake ya mwisho. Angeambiwa ni mzee mkaidi kama angesema hataki, kwa hiyo hakusema, aling'oa valvu. Nilimpenda siku ile. Na bado nilimwonea huruma Amoni, kwa sababu zile ngazi nilikuwa nimeziona, na kuvu lake.

Siku moja mama akaniambia, akitazama dirishani kana kwamba anazungumzia kunguru, kwamba kuna mwalimu mgeni, binti wa Tanga, Zainabu, aliyepangiwa shule ya pale. Amepanga chumba kule chini, na paa linavuja mpaka anahamisha kitanda kila mvua ikibadili upande. Kila jioni akitoka shule husimama njiani redio ikilia, anajifanya anafunga kamba za viatu. "Na viatu vyake havina kamba," akasema. "Mlete huyo."

Nikamleta. Alikuja na ushungi wake na kilo ya sukari bila kuambiwa na mtu, akavua viatu, akapiga goti kidogo akamwamkia mama. Kabati halikuugua siku hiyo hata kikohozi. Zainabu alisimama mbele yake, akasema babu yake kule Ngamiani, Tanga mjini, alikuwa nalo kama hili, na lilipouzwa alikuwa shule, alirudi akakuta alama ukutani. Mama akanitazama. Akamuuliza kama anaweza kula makande, na kama anaogopa ukungu. Makande anaweza, ukungu anauzoea. Posa ikakubaliwa palepale.

Jioni nilishuka na kamba yangu mpaka chumba cha Zainabu. Nikanyoosha mlangoni. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko kabati kwa vidole vinne vizuri. Nikapima tena kwa kutoamini, vidole vinne vilevile. Nikapanda nikamkuta mama jikoni anachochea moto, nikamwonyesha fundo lilipofika na mlango ulipoishia. Aliichukua ile kamba, akaigeuza, akanirudishia.

"Kamba hujikunja kukiwa na baridi," akasema. "Iweke mfukoni."

Sufuria ikachemka. Chumba cha pili cha nyumba ile, alichokulia Amoni, mlango wake ulikuwa wazi, na niliona kwamba kitanda kimetandikwa shuka safi. Nikaiweka kamba mfukoni.

Siku ya kusindikiza Amoni alikuja na pikapu kutoka Tanga. Mizigo ya mama ilikuwa imefungwa, godoro limekunjwa. Vijana wa kwaya walilibeba kabati mabegani, kina mama wakaimba nyimbo za harusi, nami nikaweka kigoda kipya pale ukutani kama sheria inavyotaka. Tukashuka ule mteremko, ukungu umetanda, mimi mbele natoa amri zisizo na maana. Mlangoni kwa Zainabu wakaliingiza kwa ubavu. Halikuingia. Wakalisimamisha, halikuingia. Wakang'oa miguu yake minne, halikuingia. Kijana mmoja akapendekeza wavunje fremu, mwenye nyumba aliyempangisha Zainabu akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyezaliwa jana hata aseme neno hilo. Zainabu alikuwa ndani akilivuta kutoka upande wa pili, na uso wake ulikuwa umeanza kusawijika. Yeye hakujua lolote. Hilo ndilo lililonichoma.

Ndipo tukasikia mkongojo. Bibi Hilda alikuwa ameshuka mwenyewe, ameshikwa mkono na jirani. Akalitazama kabati, akautazama mlango, akamtazama Amoni.

Amoni akasema, "Basi, mama, lirudi tu nyumbani tulifunike turubai. Tunaweza kuondoka hata sasa."

"Likirudi, linarudi na muoaji wake," akasema mama. "Muulize Naomi. Ni sheria yao."

Kina mama wote wakaitika kwamba ni kweli, Malindi ilikuwa hivyohivyo. Mmoja alisimulia habari za viazi.

Amoni hakuwa mjinga. Aliniita pembeni kwenye ukingo wa njia. "Dada Naomi, ulipima mlango?"

"Nilipima."

"Sasa?"

"Kulikuwa na baridi," nikasema.

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alikaa juu ya jiwe, akajifuta uso kwa kiganja. Akasema mimi Naomi nacheka, mama anacheka, Mtae nzima inacheka, lakini hakuna anayelala na simu chini ya mto isipokuwa yeye. "Kila namba ya Mtae ikiita, kabla sijapokea, nimeshamzika mama." Nilikuwa nimeupima mlango wa Zainabu na kuuchungulia ule wa chumba chake cha utotoni, lakini huyu mtu sikumpima.

Aliyejibu alikuwa Zainabu. Alikuwa ametoka kwa dirisha, maana mlangoni pamezibwa, na vumbi la ukuta lilikuwa limemjaa ushungi. Alisema, "Kaka, kama mama atanipokea, nitakuwa napiga mimi. Kila jioni, kabla ya magharibi. Ukiona namba yangu, ujue ni salamu tu. Siku salamu isipokuja, ndiyo uogope."

Amoni akauliza nani atakuwa anamshika mama kwenye zile ngazi. Zainabu akasema ngazi hizo zinahitaji mkono wa kushikilia ukutani na saruji mbovu kubomolewa, na siku ya Jumamosi hana vipindi. Kwaya walikuwa bado wamebeba mzigo. Mmoja wao akauliza kwa heshima kama tunaweza kuamua kabla mgongo wake haujaamua.

Tukalipandisha. Nyimbo zilezile, mwelekeo mwingine. Kabati likarudi pale pale ukutani, mizigo ya Zainabu ikaingia chumba cha Amoni, na mlango wa chumba hicho, nawahakikishia, ulikuwa mpana wa kutosha. Kigoda kikakosa mahali. Amoni alikipakia kwenye pikapu, pahali palipokuwa pa mama, akashuka nacho Tanga. Wanasema amekiweka karibu na anapochajia simu.

Zainabu amepiga kila jioni tangu hapo. Ngazi zina mkono. Mama hajaanguka tena.

Lakini mambo ya huko hayakuisha, na hapa ndipo nawakabidhi kazi yenyewe. Kila baada ya miezi kadhaa simu iliita karakana: kabati la Mtae limezima. Mara ya kwanza nilipanda na boksi zima la vifaa. Nikafungua nyuma, nikamulika, nikaona tundu safi lisilo na vumbi. Nikafunga ubao, nikasema hili ni gonjwa kubwa, litachukua mchana wote. Zainabu akajifanya anasahihisha madaftari. Mama akaleta kahawa, viazi, na habari za kila mtu aliyekufa na aliyeolewa. Jua liliposogea akaingia chumbani, akatoka, nami nikageuza swichi. Nilitumia ujuzi wangu wote kwenye kazi ile. Nimelitengeneza kabati hilo kwa namna hiyo mara nyingi kuliko kabati lolote, na ndilo pekee ambalo sijawahi kulibadilishia kifaa hata kimoja.

Mama sasa hasikii vizuri. Bado linazima. Litazima tena karibuni, na atakayepanda ni mmoja wenu, maana goti langu halikubali tena barabara ile. Rehema, usiende na boksi. Nenda na sukari. Mwamkie vizuri, na akikuuliza wewe ni wa kwa nani usifupishe. Valvu iko kwenye ncha ya kanga, upande wa kushoto. Ukimwonyesha kwamba umeiona, nakufukuza kazi ambayo nimeshaiacha.

Zefania alipoondoka duniani aliniachia kabati lake mwenyewe, lile la dukani, mnalijua, liko sebuleni kwangu. Nilikuwa nawaza hivi majuzi juu ya redio ya baba ilivyochelewa kupona, na jinsi yule mzee alivyokuwa na duka tupu na machungwa yake kabla sijaingia na kupewa tochi. Nilimwona mwerevu miaka yote hiyo. Juzi tu nimeelewa kwamba alikuwa mpweke.

Basi, ninyi wawili. Mnakuja kwangu sikukuu hadi sikukuu, mnasema karakana ina kazi nyingi, nami najivunia. Ila nawaarifu rasmi kwamba kabati la Zefania limezima tangu jana jioni. Nimelikagua, naona ni gonjwa kubwa. Njooni Jumapili, pamoja, mje na mchana mzima. Vifaa msibebe.